Mimea Husema na Nani? Historia ya Ishara za Miti Kati ya Ngara na Biharamulo

Kila mwaka, Septemba inapoelekea ukingoni, misitu ya miyombo ya Biharamulo hufanya jambo ambalo kwa hesabu ya kawaida halipaswi kutokea. Mvua haijanyesha tangu kiangazi kilipoanza, nyasi zimeungua, vumbi limetanda barabara yote ya kuelekea Nyakanazi, na bado miti inachipua. Jani changa la mtundu, mti wa jamii ya Brachystegia, hutoka likiwa na rangi ya shaba, laini kiasi kwamba hukunjika kidoleni bila kuvunjika, limelegea na kuelekea chini. Baada ya wiki chache wekundu hupauka na ukijani hushika nafasi yake, na mara nyingi mvua ya kwanza huukuta mti umekwisha kuvaa majani. Mti haukuisubiri mvua. Ulihisi mabadiliko ya joto na ya urefu wa mchana, ukatumia maji uliyoyaweka shinani na yale ambayo mizizi yake mirefu huyafikia, ukajiandaa mapema. Na chini yake mkulima, akiyaona majani yale mekundu, hunoa jembe. Hapa pana viumbe wawili wanaohisi: mti unaohisi majira, na mtu anayeuhisi mti. Swali la zamani, ambalo limezua imani, sayansi na pia ulaghai, ni iwapo kati ya viumbe hao wawili kuna mazungumzo.

Historia ya wilaya hizi mbili za mkoa wa Kagera, Ngara na Biharamulo, inatoa jibu lililo wazi zaidi kuliko lile lililotafutwa katika ofisi na maabara za ng'ambo. Mimea hupeana habari, na habari hizo ni za kweli. Lakini hazikutumwa kwa binadamu. Huzipeleka kwa wadudu, kwa kuvu wa udongoni, pengine kwa mimea jirani. Binadamu anayezipata huzipata kwa kudukiza, kwa kutega sikio kwenye shauri lisilo lake. Huo ni uwezo halisi, ila hauhitaji kipaji cha siri. Unahitaji macho na pua zilizofunzwa, jamii inayokumbuka, na moyo wa kukubali kusahihishwa. Kila mara watu walipodhani kwamba mmea unawasemesha wao, walipotea njia. Kila mara walipouliza mmea unasema na nani, walipata kitu cha kuwafaa.

Mwishoni mwa mwaka 1861 msafara wa John Hanning Speke na James Augustus Grant ulipita Usui, nchi ya mfalme Suwarora, ambayo leo imo hasa katika Biharamulo. Kumbukumbu za Speke zimejaa manung'uniko juu ya hongo aliyotozwa huko kabla ya kuruhusiwa kuendelea hadi Karagwe. Grant alikuwa na shughuli nyingine pia: katika safari hiyo alikusanya mimea, akaikausha na kuibana kati ya karatasi, na mkusanyo wake ulianza kuchapishwa na Linnean Society ya London mwaka 1872. Kazi hiyo ilikuwa na thamani kubwa kwa elimu ya mimea ya Afrika. Lakini mmea uliokaushwa hueleza jina na umbo lake tu. Hauelezi uliota kando ya nini, ulichanua mwezi gani kabla ya mvua, wala ni mdudu gani aliyeukimbilia. Elimu ya aina hiyo ilibaki kwa wenyeji, nayo haikuandikwa popote; ilikuwa ndani ya desturi.

Tuchukue mti wa Erythrina abyssinica, ambao kwa Kinyarwanda na Kirundi huitwa umurinzi. Katika dini ya kubandwa, iliyoenea Rwanda, Burundi na nchi za magharibi mwa Ziwa Viktoria, umurinzi ni mti wa Ryangombe: masimulizi yanasema kuwa alipopigwa pembe na nyati akiwa mawindoni, alifia kwenye mti huo, na ibada zake zikafanyika chini ya matawi yake. Msomaji wa leo anaweza kuona hapo imani tu. Lakini heshima hiyo ilikuwa na tokeo la kidunia: mti usiokatwa ovyo ni mti unaoweza kuangaliwa mwaka baada ya mwaka, mahali pale pale, na watu wale wale. Umurinzi huchanua maua mekundu katika kiangazi, mara nyingi matawi yakiwa hayana jani hata moja, hivyo ua lake huonekana kutoka kilima cha pili. Jamii iliyoulinda mti kwa ajili ya ibada ilijikuta imehifadhi kalenda.

Mfano wa pili ni Dracaena, mmea ambao Wahaya huuita mulamula na Wachaga masale. Katika Kagera, kama kule Kilimanjaro, hupandwa kwenye mipaka ya mashamba, na wazee wanapokaa kuamua ugomvi wa ardhi, mstari wa mimea hiyo huhesabiwa kuwa ushahidi. Uchaguzi huo haukufanywa kwa bahati. Kipande cha shina lake kikichomekwa ardhini hutoa mizizi. Kikikatwa huchipua tena. Huishi miaka mingi kuliko aliyekipanda. Mmea huo hushuhudia kwa kusimama ulipowekwa, na maana yake hutolewa na watu waliokubaliana juu yake. Hakuna aliyehitaji kusadiki kwamba jani lake linasoma nia ya jirani mwizi wa mpaka. Jambo hili tulishike, kwa sababu mmea huo huo utarudi baadaye katika kisa cha kushangaza.

Ukoloni ulileta namna nyingine ya kusoma mimea. Katika miaka ya 1890 sotoka iliangamiza mifugo, njaa na maradhi vikafuata, mashamba yakaachwa na pori likarudi, na pamoja na pori akarudi mbung'o. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia serikali ya Kiingereza ilimkabidhi Charles Swynnerton kazi ya kupambana na mdudu huyo, na kituo chake Shinyanga kikawa maarufu. Mwenzake, mtaalamu wa mimea B. D. Burtt, alizunguka Tanganyika akichora ramani za uoto, kwa kuwa walitambua kwamba kila aina ya mbung'o ina pori lake: wako wa miyombo, na wako wa vichaka vya miiba. Kuitambua miti ikawa njia ya kumtambua mdudu asiyeonekana. Wote wawili walikufa katika ajali ya ndege mwaka 1938. Usomaji wao wa mimea ulikuwa makini, lakini serikali iliutumia huku imewapa watu kisogo: wakazi waliotawanyika katika nchi zenye malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, Biharamulo ikiwamo, walikusanywa katika makazi ya pamoja, na mashamba waliyoyaacha yakazidi kuwa pori. John Ford, aliyefanya utafiti wa mbung'o kwa miaka mingi, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1971 kwamba Waafrika walikuwa na njia zao za kuishi na mbung'o kabla ya ukoloni, kwa kuchagua pa kukaa, pa kulima na pa kuacha pori. Kwa maneno mengine, walikuwa wakiisoma miti hiyo hiyo, na elimu yao ilivurugwa na watu walioanza kuisoma upya.

Mwaka 1966 mambo mawili yalitokea Marekani. Moja lilipata umaarufu wa dunia nzima na jingine likabaki kwenye majarida ya kitaalamu. La kwanza lilitokea New York, tarehe 2 Februari. Cleve Backster, mtaalamu wa mashine za kupima uongo aliyewahi kufanya kazi na shirika la ujasusi la CIA, alifunga elektrodi za mashine yake kwenye jani la mmea wa ofisini. Alitaka kuona maji yatachukua muda gani kupanda kutoka mizizini. Baadaye akawazia kulichoma jani hilo kwa moto, na kwa maelezo yake kalamu ya mashine iliruka kabla hajalishika. Akahitimisha kwamba mmea ulisoma wazo lake. Mwaka 1968 alichapisha maelezo mengine, kwamba mimea ilishtuka pale vijidudu vya majini vilipotumbukizwa katika maji ya moto. Kitabu cha Peter Tompkins na Christopher Bird cha mwaka 1973 kiliieneza habari hiyo kila pembe. Mmea wenyewe ulikuwa Dracaena, jamii ile ile ya mulamula na masale. Shahidi wa mipaka ya Afrika alikuwa amepandishwa kizimbani New York na kutakiwa aseme asiloliona.

Mwaka 1975 watafiti watatu, Horowitz, Lewis na Gasteiger, walirudia jaribio la Backster kwa uangalifu zaidi na kuchapisha matokeo katika jarida la Science: hawakuona chochote. Hiyo haina maana kwamba umeme haumo ndani ya mimea. Mwanafizikia wa Kihindi Jagadish Chandra Bose alikuwa ameonyesha mapema katika karne ya 20, huko Calcutta, kwamba mimea iliyoguswa au kujeruhiwa hutoa mapigo ya umeme, na mambo mengi aliyoyaona yamethibitishwa. Kosa la Backster lilikuwa katika kumchagua msikilizaji. Alidhani mmea hauna la kufanya ila kumfuatilia yeye.

Jambo la pili la mwaka 1966 lilihusu adui wa mkulima wa Afrika. C. E. Cook na wenzake walitangaza kwamba wamepata, katika majimaji yatokayo kwenye mizizi ya pamba, kemikali inayoziamsha mbegu za kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya nafaka. Waliiita strigoli. Kila mkulima wa mahindi au mtama katika Kanda ya Ziwa anayelima ardhi iliyochoka anakijua kiduha: ua zuri la zambarau chini, na juu yake mhindi uliodumaa kana kwamba umekosa maji hata baada ya mvua. Mbegu yake ni ndogo kama vumbi na huweza kulala udongoni zaidi ya miaka 10. Haioti hovyo, maana haina akiba ya kutosha. Husubiri mpaka mzizi wa mmea unaofaa uwe karibu nayo kwa milimita chache, ndipo inaamka na kuung'ang'ania. Kwa nini mmea umpigie adui kelele? Jibu lilipatikana mwaka 2005, pale Kohki Akiyama na wenzake wa Japani walipoonyesha kwamba kemikali za jamii hiyo, strigolaktoni, ni wito kwa kuvu rafiki wanaoishi na mizizi na kuiletea fosforasi. Mmea wenye njaa ya fosforasi huita zaidi. Kwa hiyo ardhi iliyochoka ndiyo yenye sauti kubwa zaidi, na ndiyo inayojaa kiduha. Kiduha hakusemeshwa, alidukiza. Ndiye mdukizi hodari kuliko sisi sote, na katika kisa chake mna mfano kamili wa nafasi ya binadamu mbele ya mimea: habari ipo, ni ya kweli, imekusudiwa mwingine, na anayejua kuitegea hufaidika.

Kati ya miaka hiyo sayansi ilikuwa imejikongoja. Mwaka 1983 David Rhoades, na kisha Ian Baldwin na Jack Schultz, walitoa taarifa kwamba miti iliyo karibu na miti iliyoshambuliwa ilibadilisha kemia ya majani yake. Magazeti yalishangilia miti inayozungumza, wanasayansi wengi wakakunja uso, kwa sehemu kwa sababu kivuli cha Backster kilikuwa bado kimetanda. Ushahidi mmoja uliogeuza shaka kuwa chakula ulitoka kando ya Ziwa Viktoria. Huko Mbita, kwenye ufuko wa Kenya, Zeyaur Khan wa kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, akishirikiana na John Pickett wa Rothamsted ya Uingereza, walichapisha mwaka 1997 katika jarida la Nature matokeo ya kupanda mahindi pamoja na aina ya nyasi zenye majani ya kunata na harufu nzito ya molasi. Nyasi hizo, hata zikiwa hazijaguswa na mdudu, hutoa harufu ambayo mimea mingine huitoa ikiliwa. Nondo wanaotaga mayai ya funza wa mabua huikimbia. Nyigu wadogo wanaowaua funza hao huifuata. Kutoka hapo ulikuzwa mfumo wa sukuma-vuta: desmodiamu kati ya mistari ya mahindi inawasukuma nondo, mabingobingo pembezoni yanawavuta, na mizizi ya desmodiamu inaziamsha mbegu za kiduha na kuziacha zife bila kupata pa kushika. Mkulima hajazungumza na mmea wowote. Ameingiza kauli yake katika mazungumzo ya wengine.

Wakati kazi hiyo ikiendelea Mbita, Ngara ilipata pigo. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa takriban siku moja, na Benaco ikawa miongoni mwa kambi kubwa kabisa za wakimbizi duniani. Watu lazima wapike. Takwimu za shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa zinaonyesha kwamba katika kilele cha dharura zaidi ya tani 1,200 za kuni zilitumika Kagera kila siku. Kilomita za mraba 570 za misitu ziliguswa, na 167 kati ya hizo ziliharibiwa vibaya. Wakimbizi wengi walikuwa wakulima walioijua miti hiyo kama wenyeji walivyoijua. Dhiki haikuwapa nafasi ya kuchagua. Hasara huhesabiwa kwa kawaida kwa kuni, mmomonyoko na maji. Iko nyingine isiyohesabiwa: mtundu uliokatwa hauchipui mbele ya macho ya mtu mwezi Septemba akajua siku zimefika. Mti unaweza kupandwa tena. Mfululizo wa miaka ya kuuangalia hurudi polepole mno.

Miaka 12 baadaye, mnamo 2006, mnyauko bakteria wa migomba uliripotiwa Kagera, baada ya kuikumba Uganda tangu 2001. Ukatishia chakula kikuu cha mkoa. Dalili zake zilikuwa habari ambayo mmea uliitoa kwa kuchelewa: jani linalogeuka njano na kuning'inia, ndizi zinazoiva kabla ya wakati, na kisu kikikata shina hutoka usaha wa njano. Aliyesubiri kuona hayo alikuwa amekwisha kupoteza shina hilo. Ulinzi ulikuwa katika kuelewa mazungumzo ya awali zaidi. Ua dume linaloning'inia mwisho wa mkungu hutoa nekta tamu kuwaita wadudu. Wadudu hubeba bakteria kutoka ua hadi ua na kuwaingiza kupitia makovu mabichi yanayoachwa na maua dume na vifuniko vyake vilivyodondoka. Hivyo wakulima walifundishwa kulivunja ua dume mara chane ya mwisho inapokamilika, kwa kijiti chenye panda, kwa sababu kisu chenyewe hubeba ugonjwa kutoka mgomba hadi mgomba. Kitendo hicho kidogo ni kuukata wito kabla haujamfikia msikilizaji mbaya. Hakuna mzee wala mtaalamu aliyeusikia mgomba ukilia. Kilichookoa mashamba ni kujua nani anaitwa, na kwa nini.

Zipo hoja tatu za kupinga. Ya kwanza inasema kwamba haya yote ni kemia tu, na kuyaita mazungumzo ni kuipamba. Mwaka 2019 Lincoln Taiz na wenzake waliandika kwamba mimea haina ufahamu wala haiuhitaji. Hoja hiyo ni nzito, nami naikubali kwa sehemu yake kubwa. Lakini kukosa ufahamu hakufuti habari. Strigolaktoni ina mtumaji, ina mpokeaji, na kuvu akiipata hubadilisha mwenendo wake; hata mdukizi yupo. Kinachokanushwa ni hisia na nia, vitu ambavyo mkulima hakuwahi kuvihitaji.

Ya pili inatoka upande wa pili: kwamba huenda siku moja tutaisikia mimea moja kwa moja. Mwaka 2023 Lilach Hadany na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv walirekodi milio ya nyanya na tumbaku zilizonyimwa maji au kukatwa, milio 30 hadi 50 kwa saa, inayoweza kunaswa umbali wa mita 3 hadi 5. Lakini iko katika kilohezi 40 hadi 80, ilhali sikio la binadamu hukoma karibu na 20. Nondo, panya na popo wanaweza kuisikia. Kwa hiyo ugunduzi huo unaithibitisha hoja yetu: iwapo yupo msikilizaji, si sisi. Kifaa kinaweza kutusaidia kudukiza zaidi, na ni vema, lakini hakitatufanya walengwa.

Ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa inamgusa mkulima mwenyewe: dalili za miti hukosea, na watu hukumbuka mwaka zilipopatia na kusahau mwaka zilipodanganya. Ni kweli. Mti huchipua kwa joto na urefu wa mchana wa sasa. Haujui mvua ya mwezi ujao. Hata hivyo dalili hizo zimeanza kupimwa. Ladislaus Chang'a na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu Nyanda za Juu Kusini Magharibi, walikuta kwamba jamii za huko huhesabu kuchanua mapema na kwa wingi kwa Erythrina abyssinica na Brachystegia, kati ya Julai na Novemba, kuwa dalili ya msimu mzuri wa mvua. Hiyo ni miti ile ile ya umurinzi na mtundu tuliyoikuta Ngara na Biharamulo, inayosomwa na watu wasiokuwa na uhusiano wa karibu na Wahangaza, Washubi au Wasubi wa wilaya hizi. Makubaliano ya namna hiyo hayathibitishi kwamba dalili ni sahihi, lakini yanatosha kuifanya istahili kupimwa badala ya kuchekwa. Na hali ya hewa inavyobadilika, dalili iliyofaa kwa babu inaweza kukoma kumfaa mjukuu. Bila maandishi hakuna atakayejua imekoma lini.

Kinachotakiwa basi si kikubwa. Shule ya msingi ya Nyakahura au Rulenge inaweza kuandika, kila mwaka, siku ya ua la kwanza la umurinzi na siku ya jani la kwanza la mtundu, kando ya kiasi cha mvua kilichofuata. Miaka 10 ya daftari kama hilo itatuambia dalili ya wazee inabeba uzito gani na inaanguka wapi, jambo ambalo miaka 160 ya wapita njia tangu Speke na Grant haijatuambia. Itawalazimu pia watu wauache mti fulani usimame, kwa sababu daftari halina maana bila mti. Suwarora aliwatoza wapita njia hongo kwa kuipita nchi yake. Kudukiza mimea nako kuna hongo yake: kuilinda miti, kuisoma bila kukoma, na kukubali inapotukanusha. Anayekwepa kuilipa asidai kwamba mimea haisemi. Hajakaa nayo muda wa kutosha kujua inasema na nani.